Herufi ya Kijani Mapokezi

Jumamosi moja ya Aprili 2015, wakati wa chai ya asubuhi, Frida alikuwa akikamua dekio katika stoo ya wasafishaji, chini kabisa ya mnara mmoja wa ofisi huko Jumeirah Lake Towers, Uarabuni. Mwenzake Pema, Mnepali, alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, macho nusu wazi, akitamka silabi yake taratibu: tam, tam, tam.

Silabi hiyo alipewa na mjomba wake, ambaye ni lama, mwalimu wa dini ya Kibuddha, kijijini kwao. Kwao huiita mbegu. Unaitamka huku ukiiona kama herufi ya kijani imesimama kifuani, juu ya mwezi, na mwezi juu ya ua la yungiyungi. Ukimaliza unaiyeyusha kuanzia chini, mpaka ibaki ncha, kisha ncha nayo iishe. Frida, Mlutheri wa Bukoba, alikwisha kuzoea. Kila siku alingoja mwenzake ayeyushe ndipo apitishe ndoo.

Siku ile Pema hakuyeyusha. Binamu yake alipiga simu kutoka Doha: tetemeko limeangusha nyumba yao. Mama yake Pema, na binti mdogo ambaye Pema alimwachia, wako hai, wako nje. Pema akainuka, akatoka. Silabi ikabaki stoo, ya kijani, imesimama juu ya mwezi wake, urefu wa chupa ya sabuni, ikitoa mwanga wa kutosha kuchagulia matambara.

Frida akazima taa, maana haikuhitajika tena.

Mchana Pema alikwenda kwa msimamizi wa jengo kuomba pasipoti yake. Msimamizi, Bwana Mundhir, alizaliwa Al Baraha, mtaa wa mji huohuo, katika familia ya Kizanzibari, na alikuwa mtu mpole. Pasipoti za wasafishaji alizifungia kwenye droo kwa kuwa ndivyo alivyozikuta.

"Mama yangu analala chini ya turubai, sir," Pema alisema. "Nataka nifike kabla ya mvua, nimjengee."

"Inshallah," alisema Bwana Mundhir.

Wiki hiyohiyo mwenye jengo, waliyemwita arbab, aliona mwanga ukipita chini ya mlango wa stoo. Akaagiza uletwe mapokezi. Pema aliubeba juu ya sinia la chai, akauweka kati ya lifti na meza ya walinzi. Wageni wakaupiga picha. Taa za darini zikazimwa.

"Sasa hii ndio stima!" alisema Zakayo, mlinzi Mkenya. "Haina bill, haikatiki. Pema, ukienda nyumbani utuachie kawaya."

Lakini Ijumaa, siku ya mapumziko ya Pema, herufi ilififia, na alasiri ikawa kama taa ya ndani ya friji. Arbab akaona hilo pia.

"Mwanangu Frida," alisema Bwana Mundhir, "mimi sina neno naye. Lakini akiondoka hii itazimika, na nitakayeulizwa ni mimi. Mwambie avute subira."

"Mvua haina subira, sir."

"Najua, mwanangu. Wallahi najua."

Pema alijaribu kuiyeyusha. Ilipungua hadi nusu, kisha ikarudi. Kuyeyusha kunataka moyo uliotulia, na wake ulikuwa chini ya turubai.

"Nifundishe," Frida alimwambia. "Nitaishika mimi, wewe uende."

"Didi, haipewi mtu hivihivi. Kuna mwalimu, kuna ruhusa." Didi ni dada. "Ila mwalimu wangu naye yuko chini ya turubai. Na Yesu wako je?"

"Ananijua. Nitamweleza nikipata nafasi."

Wakawa wanajifunza saa za chai. Mei karibu yote Frida hakupata kitu ila ukavu wa koo. Kisha siku moja alichoka kiasi cha kutowaza lolote, na herufi ikamtoka: fupi, imeinama kama dekio lililoegemezwa ukutani, lakini kijani kilekile.

Waliipeleka kwa Bwana Mundhir pamoja.

"Sasa anaweza kwenda, sir," alisema Frida.

Bwana Mundhir aliitazama, akafurahi kwelikweli. Akampigia arbab palepale, akasikiliza, akasema "naam" mara kadhaa, akaiweka simu mezani taratibu.

"Anasema jengo lina milango miwili," alisema.

Herufi ya Frida ikawekwa mlango wa nyuma, upande wa maegesho. Likizo yake ya Agosti ikaahirishwa. Pasipoti yake ikatolewa chini ya droo, ikawekwa juu ya ile ya Pema, ili zikae pamoja.

Katikati ya Juni, saa ya chai, Pema alipiga simu nyumbani, akaiweka kwa sauti ya juu wasikie wote wawili. Mama yake alikuwa akisema jambo, lakini halikusikika vizuri. Kilichosikika ni mvua juu ya turubai.

Bwana Mundhir akagonga mlango wa stoo kwa adabu.

"Yalla, wanangu. Zimeanza kufifia."

Pema hakukata simu. Aliitia mfukoni mwa aproni ikiwa bado inanyesha, akaenda kwenye mlango wake, na Frida akaenda kwenye wake.