Likizo ya Uzazi ya Baiskeli

"Nani alikwambia uzifunge kwenye kamba ya farasi?" Gombo alifoka. "Nilikuonyesha gari. Nikakuonyesha mnyororo. Nikakuachia na kufuli!"

"Punguza sauti, ng'ombe atazuia maziwa," Bibi Dulmaa akamjibu bila kuacha kukamua. "Mgeni akifika, kipando chake hufungwa kwenye kamba. Kwenu mnakifunga wapi, kitandani?"

"Baiskeli si farasi, mama!"

"Usiniambie mimi. Waambie wao."

Akaelekeza kidevu. Kwenye kamba iliyovutwa kati ya nguzo mbili, baiskeli sita za wageni zilikuwa zimesimama kwa mstari, zimefungwa usukani kwa fundo lile lile wanalofungiwa farasi. Chini ya ile ya nne, ya kijani, kililala kitoto cha baiskeli kilichozaliwa alfajiri. Kimo chake kilikuwa cha mwana-mbuzi. Rimu zilikuwa bado na unyevu, matairi laini kama sikio la ndama, na kwenye usukani zilikuwa zimeota nywele fupi za kahawia. Kilijaribu kusimama, gurudumu la mbele likageukia kushoto, la nyuma likaenda kulia, kikaanguka.

Gombo alikuwa dereva na fundi wa kampuni. Alikizunguka mara moja, akachuchumaa, akapitisha vidole kwenye spoku.

"Zimetimia," akasema. "Ila mimi nisilaumiwe. Gari langu lililala kule nyuma ya hema."

"Nani kalitaja gari lako? Huzioni hizo nywele? Hiyo ni kazi ya dume letu la kahawia, la farasi. Tangu mlipopita safari ile nyingine lilikuwa linazinusa."

Sarnai alitoka hemani akiwa amembeba mtoto begani. Alikuwa mkwe wa Bibi Dulmaa na kiongozi wa msafara wa wageni, na hizo zilikuwa kazi mbili zisizopatana. Kampuni ilikuwa imeandika kwenye matangazo yake kwamba wageni watalala kwa familia halisi ya wafugaji wanaohamahama. Familia hiyo ilikuwa ni mama mkwe wake. Kwa hiyo katika safari nzima ya kuvuka nyika kwa baiskeli, Sarnai alikuwa akipata usiku mmoja wa kulala na mwanawe Enebish, wa miezi mitano, kisha asubuhi humrudisha mikononi mwa bibi yake na kupanda baiskeli. Mumewe alikuwa anaendesha lori la makaa ya mawe huko kusini. Baridi ya mwaka juzi ilikuwa imeua kondoo na mbuzi wao karibu wote. Mshahara wa Sarnai ndio ulionunua unga.

"Amenyonya?" Bibi Dulmaa akauliza.

"Amekataa tena. Ananigeuzia uso."

"Anakuona mgeni. Wageni wote wanavaa hiyo fulana ya njano."

"Nivue nini tena, mama? Nilishaivua. Kakataa hivyo hivyo."

"Harufu ya mafuta ya jua, hiyo. Mtoto anamjua mama kwa moshi wa samadi." Akasimama na ndoo yake. "Usipomnyonyesha, maziwa yatakatika kabla ya safari ijayo. Nakwambia mapema, usije ukalia baadaye."

Sarnai alimhamishia mtoto bega la pili. Kifua kilikuwa kinamuuma tangu siku ile walipoondoka mjini, na alikuwa akikamulia maziwa kwenye majani nyuma ya mawe, wageni wakidhani ameenda haja.

Wageni waliamka kwa chai ya chumvi. Walipoelezwa habari za kwenye kamba, waliacha bakuli zao wakatoka mbio. Walikizunguka kitoto kile kimya kimya, kama watu waliofika msibani, kisha wakatoa simu. Marijke, daktari wa meno mstaafu kutoka Uholanzi, ndiye aliyekuwa akiiendesha baiskeli ya kijani. Alijishika mdomo.

"Jana niliipandisha kwenye ule mlima," akasema. "Ikiwa na mimba. Na nikaitukana."

Akasema hawezi kuipanda tena. Akasema kwao hata mfanyakazi wa dukani hapandishwi mlima siku ya pili ya kujifungua. Wenzake wakakubaliana naye wote. Mmoja, mwalimu wa yoga, akaitandikia blanketi lake la kulalia.

Tatizo lilikuwa kwamba baiskeli ilikikataa kitoto. Kila kilipojikokota hadi penye mnyororo, pale panapodondoka oili, baiskeli iliukaza mnyororo na kukisukuma kwa pedeli. Kitoto kiliangukia upande wa pili na kulia kwa sauti nyembamba, kama breki isiyotiwa grisi.

"Imepandwa na watu wengi mno," Bibi Dulmaa akasema. "Haijui tena nini ni chake na nini ni cha wateja."

Akakaa chini mbele ya gurudumu la mbele, akaweka kiganja kwenye fremu, akaanza kuimba. Ulikuwa ule wimbo anaoimbiwa kondoo anayemkataa mwanawe. Hauna maneno ya maana, ni neno moja linalorudiwarudiwa kwa sauti inayopanda na kushuka, bila haraka, hadi mnyama achoke kuwa na moyo mgumu. Gombo alivua kofia. Wageni walikaa kwenye majani.

Baada ya muda baiskeli ililegeza mnyororo. Tone la oili likachungulia. Kitoto kikasogea, kikaweka gurudumu lake penye gia na kuanza kunyonya, nywele za usukani zikitetemeka.

Sarnai alikuwa amesimama nyuma ya wote, Enebish begani. Wimbo ulipofika katikati, maziwa yalimtoka yenyewe, yakalowesha fulana ya njano mpaka kwenye nembo ya kampuni. Enebish akageuza kichwa. Akanusa. Akaivuta fulana kwa ngumi zote mbili na kuanza kunyonya kwa pupa, akikoroma. Sarnai alikaa pale pale alipokuwa, juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Wageni walifuta machozi. Walikuwa wanaitazama baiskeli.

"Lazima tumpigie bosi," Gombo akasema baadaye. "Mali imeongezeka."

Mtandao ulipatikana juu ya paa la gari tu. Sarnai alipanda na simu, akaiweka sauti ya juu ili wote wasikie. Bosi Dashnyam alikuwa ofisini mjini, anakula, alisikika akitafuna.

"Kitoto kizima?" akauliza.

"Kizima, bosi. Kinanyonya."

"Safi. Nani mwenye dume?"

"Mama mkwe wangu."

"Mwambie asije na maneno. Mtoto huwa wa mwenye mama, wafugaji wote wanalijua hilo."

"Ndivyo ilivyo," Bibi Dulmaa akasema kutoka chini. "Sijadai kitu. Mwambie atafune kwanza, ndipo aongee."

Marijke akaomba azungumze. Alizungumza kirefu, na Sarnai akawa anatafsiri. Alisema kumtenganisha mama na mtoto mchanga ni ukatili, kwamba mtoto anahitaji maziwa ya mama kila baada ya saa chache, kwamba yeye na wenzake hawataendelea na safari mpaka wahakikishiwe. Sarnai alitafsiri kila neno bila kuongeza wala kupunguza.

Bosi Dashnyam aliacha kutafuna. Alijua wageni hawa huandika nini wakirudi kwao.

"Waambie kampuni yetu inajali," akasema. "Baiskeli inapewa mapumziko ya uzazi kuanzia leo. Ipakieni kwenye gari pamoja na kitoto. Wekeni sufu nene wasiumie. Gombo asimame kila wageni wanapopumzika, kitoto kinyonye. Huyo mama wa Kiholanzi mpe baiskeli yako wewe."

"Na mimi nipande nini?"

"Si hapo kuna farasi? Chukua farasi wa mama mkwe wako. Wageni watafurahi, kiongozi juu ya farasi. Tena sijui kwa nini hatukufikiria zamani."

Wageni walipotafsiriwa walipiga makofi. Mwalimu wa yoga alimkumbatia Gombo, ambaye alibaki amenyoosha mikono kama kinyago cha kutishia ndege.

Sarnai alisubiri makofi yaishe. Akazima sauti ya juu, akaiweka simu sikioni.

"Bosi, na mwanangu je?"

"Ana nini?"

"Ameanza kunyonya tena. Leo. Nikimwacha safari hii maziwa yatakatika. Kwenye gari kutakuwa na sufu, na Gombo atakuwa anasimama. Atalala tu pembeni."

"Sarnai, dada yangu," bosi akasema kwa upole, "tulishaongea. Ulipojifungua nilikupa wiki mbili, na hapo ilikuwa katikati ya msimu wa mikutano na mawakala wa utalii. Gari lile lina bima ya wageni, wafanyakazi na mali ya kampuni. Baiskeli ni mali ya kampuni. Kitoto chake ni mali ya kampuni. Mtoto wako ni wako mwenyewe. Hongera."

"Basi niache hapa nimalizie mwezi huu. Bila mshahara."

"Ukitaka kubaki, baki. Mjini hapa wasichana wenye diploma na lugha tatu wamepanga foleni. Nisikufiche."

Sarnai akashuka. Wageni walikuwa wanajaza chupa za maji. Gombo alikuwa amekunja vipande vya sufu ndani ya gari na kuilaza baiskeli ya kijani kwa ubavu, kwa uangalifu asioutumia hata kwa mayai, kisha akakilaza kitoto kifuani mwa mama yake, penye mnyororo. Nafasi ilibaki ya kutosha mtoto mmoja wa miezi mitano, au mabegi mawili.

"Kasemaje?" Gombo akauliza.

"Kasema hongera."

Gombo akatema mate pembeni. "Dada, mimi ningekuchukulia kimyakimya. Lakini vituo vyote napiga picha za mzigo, natuma. Akimwona mtoto ndani ya gari, mimi na wewe wote tunachunga mbuzi kesho."

"Mbuzi wenyewe wako wapi?" Sarnai akasema.

Marijke alikuja kuaga. Alimpa Bibi Dulmaa pakiti ya biskuti, kisha akamwinamia Enebish aliyekuwa begani mwa bibi yake na kumshika shavu.

"Mtoto mzuri," akasema kwa lugha ya hapo, maneno machache aliyojifunza kitabuni. "Mzuri sana sana!"

Bibi Dulmaa alikunja uso. Kumsifu mtoto mchanga hadharani ni kumwita kila kibaya kinachopita nyikani kije kumwangalia. Aliingia hemani upesi, akarudi na kidole cheusi kwa masizi ya sufuria, akampaka Enebish alama kwenye paji la uso.

"Baya hili, linatisha," akatangaza kwa sauti, ili kisikie chochote kilichokuwa kinasikiliza. "Huyu si mtoto. Huyu ni sungura."

Alishawafanyia hivyo watoto wake wote watano, na hakuna kibaya kilichowahi kubisha.

Sarnai alimtazama mwanawe, halafu akalitazama gari. Akapanda tena juu ya paa, akapiga simu na kuwasha sauti ya juu.

"Bosi," akasema, "samahani. Tulihesabu vibaya. Ni pacha."

"Pacha?"

"Cha pili kimechelewa kutoka. Ndiyo tumekiona sasa hivi."

Chini, Gombo alijifanya anakagua tairi. Bibi Dulmaa alianza kukunja nguo za mtoto.

"Kizima?" bosi akauliza.

"Kizima. Kina nguvu kuliko mwenzake."

"Hii baiskeli, jamani! Nipige picha."

Sarnai akashuka, akamfunga Enebish kwa sufu mpaka kidevuni, akamlaza upande wa pili wa mnyororo. Mtoto akashika pedeli na kuitia mdomoni. Akapiga picha, akapanda, akatuma. Walisubiri. Upepo ulikuwa unatoka kaskazini na wageni walikuwa wameshavaa kofia zao.

"Hiki cha pili mbona hakina magurudumu?" bosi akauliza.

"Bado hayajaota, bosi."

Bosi akasikika akimeza.

"Yakiota niambie," akasema. "Haya, gari lina roli ya lebo za kubandika kwenye droo. Bandika zote mbili, namba ishirini na moja na ishirini na mbili, nisije nikasikia vimepotea. Na usisahau, mwisho wa msimu mali yote inaingia ghala la mjini."

"Sijasahau," Sarnai akasema.

Gombo alishaitoa roli. Akaandika namba kwa kalamu ya wino mzito, akaibandika lebo ya kwanza kwenye fremu ya kitoto cha baiskeli na kumkabidhi Sarnai ya pili. Alikuwa na mtoto wa kike nyumbani, hakutaka kuibandika mwenyewe.

"Mwekee pasipomwasha," Bibi Dulmaa akasema. "Mnyama mwenye alama huwa hapotei."

Sarnai akaibandua karatasi ya nyuma, akaibandika lebo ya kampuni kwenye sufu, kifuani pa mwanawe, akaipitishia kiganja mpaka kona zote zikashika. Akapanda farasi wa mama mkwe wake. Akawakumbusha wageni wanywe maji kabla ya mlima, kisha akatangulia.