Matundu Mawili kwa Maman Agnès

Walinitangaza mchawi kwa sababu niliwaambia wafungue dirisha. Sitanii, na sijasahau sura ya hata mmoja wao.

Maman Agnès na mimi tulikulia mtaa mmoja Lubumbashi, na hapa Johannesburg tukaangukia mtaa mmoja tena, Turffontein, karibu na uwanja wa mbio za farasi. Mimi nasuka nywele, yeye anauza vitenge, na Mungu amemjalia kuliko mimi, jambo ambalo hachoki kunikumbusha. Baridi ya mwezi wa sita ilipoanza kuuma, akanunua hita ya gesi iliyoundwa kama meko ya Wazungu, ile isiyo na bomba la kutolea moshi. Kioo mbele, magogo ya bandia ndani, na ndimi za moto zikicheza juu yake. Nani hakuitwa kuiona? Hata mimi niliitwa, nikakalishwa mbele yake kama ninayetambulishwa kwa mkwe.

Aliyeifunga ni Hénock, shemeji yake, ambaye kazi yake ni kupandisha madishi ya televisheni. Boksi lilikuwa na onyo lenye picha: chumba kiwe na tundu la hewa chini ya ukuta na lingine juu, na kazi ifanywe na fundi wa gesi mwenye kibali. Hénock akalitupa boksi. Matundu ya zamani ya nyumba ile, yaliyokuwa karibu na dari, Agnès alikuwa ameyafunika kwa karatasi ya ukutani yenye maua ya dhahabu. Basi hita ikawa inajizima yenyewe kila mara, maana ndani yake kuna kidude kinachouzima moto hewa ikipungua. Hénock akakichokora kidude hicho mpaka kikanyamaza.

"Maman Agnès," nilimwambia siku hiyohiyo, "hii moto bila hewa itawaua. Kwetu nani analala na mbabula ndani, nyumba imefungwa?"

Mbabula ni jiko letu la makaa. Hakuna mtoto wa Lubumbashi asiyejua kwamba haliingii chumbani kwa watu waliolala. Lakini Agnès alicheka mbele ya wageni wake wote.

"Mbabula ni ya makala, Falonne. Hii ni gaz, haina moshi. Wacha jalousie, wacha wivu."

Kila Jumamosi mchana wanawake wa kikundi chao cha sala walikutana sebuleni kwake. Hita ilipokuja, vichwa vikaanza kuwauma. Mmoja akatapika, mwingine akaanguka katikati ya wimbo. Nabii Ezéchiel, anayewaongoza, akauliza ni nani aliyeitamkia nyumba ile neno baya. Agnès hakuhitaji kufikiri sana.

"Si ni Falonne alisema moto itatuua?"

Basi, ikawa imekwisha. Onyo langu likageuka laana. Mteja mmoja alipigiwa simu akiwa kitini kwangu, akainuka na kichwa nusu, upande mmoja umesukwa, mwingine umesimama wima, akaona heri atembee hivyo barabarani kuliko kuguswa tena na vidole vyangu. Wengine hawakurudi kabisa. Niliwachukia. Nasema waziwazi: nilimwomba Mungu Ezéchiel aanguke kifudifudi mbele ya hita ile, nami niwepo nione.

Waliponiita Jumamosi nikaungame, nilivaa kitenge changu kizuri nikaenda. Nilikuwa na hesabu yangu. Nitakaa kimya, mikono magotini, sitagusa kitu. Nabii akianguka, wote wataona kwamba kilichomwangusha ni kile kidude chao cha kujivunia, na jina langu litarudi.

"Funga madirisha yote," Ezéchiel aliamuru. "Roho yake isipate pa kutokea."

Wakafunga. Wakasukuma na taulo chini ya mlango. Nabii akanizunguka akikemea, jasho likimtiririka, na baada ya muda ulimi wake ukaanza kuwa mzito. Akaegemea ukuta. Nilisikia raha ambayo sijaisikia tangu nije nchi hii. Ongea, nabii, nikasema moyoni, ongea tena. Kichwa changu nacho kilikuwa kinagonga, wala sikujali.

Thierry, mjukuu wa Agnès ambaye hajaanza hata kutambaa, alikuwa amelazwa kwenye mkeka karibu na hita apate joto. Alikuwa akilia. Sasa alikuwa amenyamaza.

"Muone, mtoto amepata amani," mwanamke mmoja alisema.

Nilimtazama. Mdomo ulikuwa wazi na shingo imelegea. Nabii alikuwa amebakiza kidogo tu aanguke, magoti yake yalikwisha kuanza kukunjika. Ningengoja kidogo tu!

Nilizima hita, nikasukuma madirisha, nikamnyakua mtoto nikatoka naye uani. Baridi ilimpiga usoni, akatapika, akalia kwa nguvu zake zote. Wanawake wakatoka nyuma yangu wakipepesuka, na hewa ikaanza kuwarudisha. Aliyerudiwa na sauti kwanza ni Ezéchiel, bila shaka.

"Mumeona? Ameshindwa! Ile roho imemtoka!"

Vigelegele vikapigwa. Wakanikumbatia, wakalia begani kwangu. Nikapiga kelele kwamba ni hewa, ni hita, hakuna aliyesikia. Agnès alikuwa tayari anamwagiza mtu akafunge madirisha, nyumba isipoe.

Hapo ndipo nilipoelewa. Neno la Falonne msusi halikuwa na uzito wowote pale. La mchawi lilikuwa nao.

"Haijatoka," nilisema.

Vigelegele vikakatika.

"Imeingia kwenye ile hita. Washeni tena hivyohivyo, muone itaanza na nani." Nilisema nikimkazia macho nabii. Akarudi nyuma mpaka akakanyaga beseni la nguo.

"Inataka nini?" Agnès aliuliza.

"Mtoto apelekwe hospitali sasa hivi. Fundi wa gesi mwenye kibali aje atengeneze alichoharibu Hénock, na mpaka aje, hakuna kuwasha. Tundu moja chini, tundu moja juu, yapite katikati ya maua yako ya dhahabu, na pasiwekwe pazia. Na huyu," nikamwonyesha Ezéchiel kwa kidole, "kila mkisali, akae mgongo kwenye tundu la chini."

Hospitali walimwekea mtoto oksijeni, wakasema alivuta hewa chafu. Nabii akasema hewa chafu ndilo jina la Kizungu la kazi yangu. Lakini kiti chake akakihamisha palepale nilipoamuru, na nasikia mafua hayamwachi.

Fundi alitoka Kensington, mtaa mwingine wa jiji hilihili. Agnès hakuthubutu kumwacha aanze mpaka nije, basi nikasimama pale nikitazama ukuta wake mzuri ukitobolewa, vumbi likiyafunika maua. Fundi alipotoka kwenda garini, Agnès akanisogelea.

"Falonne, tulikula sahani moja tangu utoto. Niambie kweli. Ni wewe?"

Alikuwa tayari kuniamini, niliona. "Hapana" moja tu ingenirudishia jina langu, wateja wangu, salamu za watu barabarani. Nikafungua kinywa. Upepo ulikuwa unaingia kwa tundu la chini, na Agnès, huku akiningoja nijibu, alikuwa anausogeza mto wa kochi kwa mguu wake, taratibu, alizibe.

"Ni mimi," nilimwambia. "Toa huo mto."

Aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Nilifurahi, Mungu anisamehe, kisha nikaenda nyumbani nikalia.