Ndala za Friji

Usiku wa kuamkia leo niliota friji letu linaniomba radhi.

Kabla sijaendelea, mama mwenzangu unayesoma, ujue kwanza friji letu lilivyo. Linatekenya. Ukilishika mlango ukiwa peku, mkono unasisimka mpaka kwenye kiwiko, kama mtu amekufinya kwa ndani. Lilianza tulipomaliza kupiga lipu ukuta wa nje. Hatukuita fundi. Tuliweka ndala. Ndala za bluu, mbele ya friji, na kila anayetaka maji ya baridi anazivaa kwanza. Kwetu mgeni anavua viatu mlangoni, halafu akifika jikoni anavaa ndala. Mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye, huwaambia, "Vaa ndala, shemeji, friji letu lina wivu." Wanacheka. Na sisi tunacheka.

Sasa mwanangu Stumai ameanza kusimama dede. Anashika kiti, anashika ndoo, anashika ukuta. Iko siku atashika friji, na Stumai havai ndala. Hilo ndilo nililolala nalo kichwani.

Basi katika ndoto naingia jikoni, friji linasema:

"Mama Stumai, niwie radhi. Usinishike. Nina mgeni."

"Mgeni gani?"

"Fungua uone. Ila vaa ndala."

Navaa, nafungua. Kwenye rafu ya nyanya ameketi mwanamume mwembamba, amekumbatia begi. Namjua bila kuambiwa. Ni Umeme.

"Shikamoo," nasema, maana ananizidi umri.

"Marahaba. Mimi sikai, mama. Nataka njia tu, niende kwetu."

"Kwenu wapi?"

"Ardhini. Kila ninayemshika mkono nimwulize njia, anaruka na kupiga kelele. Au kavaa ndala, na ndala kwangu ni mlango uliofungwa. Humu ndani hakuna mtu wa peku?"

Nyuma yangu nikasikia viganja vidogo vinapiga sakafu, pa, pa, pa.

Nilipogeuka, jikoni pamekuwa kliniki ya kupima watoto. Benchi limejaa: pasi, redio, hita ya kuchemshia maji, kila mmoja kashika waya wake mapajani kama pochi. Nesi ni plagi ya meno matatu. Anamning'iniza Stumai kwenye mzani, anatazama, uso unachangamka.

"Mtoto huyu anafaa."

"Anafaa nini, nesi?"

"Kuwa njia. Miguu peku, mikono imelowa mate, kimo kinafika kwenye friji. Hongera, mama."

"Mwanangu si njia!"

"Akina mama wote huanza hivyo hivyo," pasi ikasema pale kwenye benchi.

Nesi hakukasirika. "Basi lete njia yenyewe. Ila wahi. Mgeni akichoka kungoja, anapita popote."

Nikatoka mbio, na mlango wa kliniki ukanitoa kwenye ukumbi wa nyumba yangu. Nikagonga ukuta. "Hodi!"

"Karibu, shemeji." Ukuta ukafunguka kama pazia. Ndani walikuwa nyaya wawili, ndugu, wanakunywa chai. Mmoja kahawia, mmoja bluu.

"Mimi namleta mgeni," akasema wa kahawia.

"Mimi namrudisha," akasema wa bluu.

"Na huyu anayetaka kwenda ardhini, nani humsindikiza?"

Wakatazamana. "Hiyo ni kazi ya mdogo wetu, yule wa kijani na njano. Yeye kazi yake ni kukaa bure."

"Kukaa bure?"

"Anakaa bure mwaka mzima akingoja siku moja tu, siku ya balaa. Ndiyo maana watu wanamdharau."

"Yuko wapi?"

"Kapewa kazi nyingine. Analinda kuku."

Kwenye mlango wa uani alikuwepo mlinzi, kajikunja kwenye kiti. Alikuwa ile swichi kubwa ya ukutani, ile inayojizima yenyewe kukiwa na hatari. Nikamvaa. "Wewe! Siku zote hizi tunatekenywa, mbona hukujizima?"

"Nijizime kwa lipi, mama?" akasema bila kufungua macho. "Mimi nashtuka mtu akipita njia kuu anakimbia. Njia yenyewe imekatwa. Huyo wenu ananyata. Nitamsikiaje?"

Nikavuka uani. Ua ulikuwa umekuwa mpana kama uwanja wa mpira, na banda letu la kuku liko golini. Pale mlangoni, kajizungusha kwenye komeo, alikuwepo yeye. Kachafuka kwa vinyesi vya kuku, hata rangi huioni.

"Ndiye wewe mdogo mtu?"

"Ndiye mimi. Nilikuwa natoka ndani ya nyumba naingia ardhini, pale kwenye fimbo ya shaba pembeni ya ukuta. Siku ya lipu nikawa nawazuia mafundi, wakanikata. Mama mkwe wako akasema, waya mzuri hivi usitupwe."

"Rudi, baba. Mwanangu ameanza kusimama dede."

"Nikirudi, mlango wa kuku utafungwa na nini?"

"Na kamba ya katani."

Akafikiri. Jogoo naye akafikiri. "Katani inafaa," akasema, maana alikuwa mtu muungwana, na akaanza kujikunjua.

Hapo nikasikia Stumai anacheka. Yuko mbali, jikoni, amesimama bila kushika kitu. Ananyanyua mguu. Anapiga hatua, ya kwanza maishani mwake, na anapiga kwenda kwenye friji. Mgeni kashuka kutoka kwenye nyanya, kanyoosha mkono, anatabasamu. Hana ubaya wowote. Anauliza njia tu.

"Ndala!" nikapiga kelele. "Mzuieni!"

"Sisi?" zikajibu ndala. "Sisi ni ndala za kuogea, dada. Hii hatukuisomea."

Nikamshika yule waya, nikavuta. Anarefuka. Ncha moja nikaifunga kwenye fimbo ya shaba, ncha nyingine nikakimbia nayo mpaka jikoni, nikaipachika mgongoni mwa friji. Kidole cha Stumai na kidole cha mgeni vilikuwa vimebakiza upana wa njiti ya kiberiti.

Mgeni akageuka. "Ahaa," akasema. "Kumbe njia ni hii hapa!"

Akachukua begi lake, akapanda juu ya waya, akakimbia. Mlinzi kwenye kiti akaruka, akapayuka, "Nimemwona!" na nyumba nzima ikazimika. Kule nje nikasikia mtu anateremka ardhini kama anayeshuka ngazi za kwao, anasema, "Ahsanteni. Kwaherini."

Nikaamka. Kumeshakucha, na Stumai hayupo kitandani.

Nilikimbia peku mpaka jikoni. Ameketi sakafuni mbele ya friji, ndala moja kaishika mdomoni, mkono mwingine umeinuliwa anatafuta pa kushikia asimame. Nikamkwapua. Nikavaa ndala, nikazima swichi kubwa, ndipo nikapumua. Nilimpigia fundi wa umeme hapo hapo, na mpaka aje, swichi haiwashwi. Wewe unayesoma, usijaribu kufunga waya mwenyewe kama mimi. Mimi nilifunga ndotoni, na ndotoni mtu hafi.

Nikatoka uani na mtoto mgongoni. Mama mkwe alikuwa kwenye banda na bakuli la pumba.

"Shikamoo, mama. Huu waya wa mlango wa kuku uliutoa wapi?"

"Marahaba. Huu? Waliukata wale mafundi wa lipu. Waya mzuri hivi, usitupwe?"

Nikaukwangua kwa ukucha. Uchafu ukabanduka. Kijani. Nikakwangua tena, ukatokea mstari wa njano.

"Usihangaike nao," mama mkwe akasema. "Naufungua mwenyewe. Sijui hata nimelitoa wapi wazo hili, mwanangu, nimeamka nalo tu." Akaingiza mkono chini ya kanga, kwapani, akatoa kamba mpya ya katani.