Nondo Chini ya Dirisha

Nondo ilikuwa imeng'olewa na kutupwa mtaroni, waya wake umekatwa vipande. Nilisimama pale na ndoo yangu ya maji, nikaona aibu kama mtu aliyefumaniwa.

Hiyo ilikuwa Alhamisi, mwaka tisini na saba, Nyakato, Mwanza. Siku hizi watu hupeana habari za msiba kwa simu kabla maiti haijapoa. Wakati ule mimi nilikuwa na redio ya marehemu mume wangu, na stesheni ya Kisumu, ambako walitangaza vifo kwa Kijaluo saa moja jioni, ilinijia kama mtu anayeongea ndani ya gunia. Msiba wa mama niliupata kwa barua, wiki tatu baada ya mazishi. Sasa kaka yangu Ogweno alikuwa amelazwa huko huko Kenya. Sikutaka barua ya pili.

Fundi Venant ndiye aliyenielekeza. "Zungushia redio waya, mama. Ncha moja ipandishe kwenye mpera, nyingine ifunge kwenye nondo uliyoichimbia chini. Na hapo chini pasikauke."

Basi kila jioni nilimwagia nondo maji huku nikisali, maana ndiyo saa yangu ya kusali.

Aliyeng'oa nilimjua: jirani yangu Paskazia. Mtoto wake alikuwa na homa siku ya nne. Na mimi aliniona hivi: mjane anayeishi peke yake, anamwagilia chuma, midomo inacheza. Kanda hii wanawake wamekatwa mapanga, wakiitwa wachawi, kwa macho mekundu tu.

Nikaenda mlangoni kwake.

"Shikamoo," alisema, macho chini.

"Marahaba. Mtoto anaendeleaje?"

"Yupo. Ametoka zahanati, wamempa dawa."

"Mbebe, mje muone chuma changu kinafanya kazi gani."

"Nimlete kwako?"

"Kama ni kumloga, mbona ningeshamaliza, tunatengana ukuta mmoja? Twende."

Alitaka kucheka, akajizuia. Lakini alikuja. Niliunga vipande vya waya kwa meno na vidole, nikaikita nondo, nikamkabidhi ndoo, nikaingia ndani. Redio ilinguruma kama mvua juu ya mabati.

"Mwaga," nikamwambia.

Akamwaga. Ngurumo ikapungua, ikasogea nyuma, na sauti ya mwanamume ikatoka mbele, safi, kana kwamba amevuta kigoda akakaa mezani kwangu. Alisoma jina la Ogweno. Akasema mazishi ni Jumamosi. Kisha akawataja ndugu mmoja mmoja, hadi akafika: na Akinyi, dada yake, aliyeko Mwanza.

Jumamosi ningewahi.

Sijui uso wangu ulifanya nini. Paskazia alichungulia dirishani, mtoto mgongoni. Kijaluo hakujua hata neno moja. Alinitabasamia, mara ya kwanza tangu ahamie pale.

"Imeshika, mama?"

"Imeshika," nikamjibu. "Imeshika vizuri."

Akamimina maji yaliyobaki, taratibu, asije akanikatizia.