Mistari Iliyopinda

Mimi mdomo wangu hauna breki. Kabla sijafiwa na mume, saluni yangu ilijulikana mji mzima kwa kelele. Mteja aliingia kusukwa, akatoka mbavu zinamuuma kwa kucheka. Kisha mume wangu akafariki, na mji wetu mdogo ukanihurumia, huruma yenyewe ikakosa mwisho.

Nisiwe mkosefu wa fadhila. Walinisaidia kumzika, wakapika, wakafagia hadi uani kwangu. Lakini mwaka wa tatu huo, mtu akikaa kitini ananong'ona, "Pole, dada." Pole ya nini tena, jamani? Nikitania, wanatazamana. Siku moja nilimsuka mke wa fundi bomba mawazo yakiwa mbali, mistari ikapinda mpaka mwenyewe nikaona haya. Akajitazama kwenye kioo, akasema, "Imependeza. Mungu akutie nguvu." Nilitamani kumrushia kitana!

Basi, nikaenda jijini kununua nywele za kusukia, nikapita saluni ya shoga yangu tuliyejifunza naye kazi. Wateja walikuwa wamejaa, akaniomba nimsaidie kichwa kimoja. Ndio kwanza naanza, mwenye kichwa akaruka.

"We dada, unasuka au unang'oa muhogo? Fumua!"

Nilicheka hadi machozi. Tangu msiba hakuna aliyenigombeza. Yule mama hakujua nimefiwa, alichojua ni kwamba kichwa kinamuuma. Nikafumua, nikasuka upya kwa raha zangu, tukachambana mpaka anaondoka.

Shoga yangu akaniambia kiti kipo, nikikitaka, ila nimjibu kabla ya Jumapili, maana wanaokitaka ni wengi.

Nilirudi nikiwa njia panda. Jiji nililitaka, nisiseme uongo. Lakini nilikuwa naishi na mama mkwe, na mtoto wake alikuwa yule yule mmoja tuliyemzika. Nikiondoka, abaki na nani? Nikaufyata mdomo. Jumamosi jioni akakaa kwenye kigoda uani, nikamsuka kama kawaida yetu. Nilipomaliza akapapasa kichwa chote kwa vidole, taratibu.

"Mwanangu, umenisuka vibaya."

Nikadhani sikusikia vizuri.

"Imepinda kama njia ya mbuzi. Ya mwezi jana nayo ilipinda, na ya mke wa fundi bomba nimeiona. Mji mzima tunatembea na vichwa vya ajabu, tunaogopa kukwambia." Akanigeukia. "Shoga yako alipiga simu ukiwa bafuni. Nenda."

"Na wewe, mama?"

"Dada yangu yuko hapo jirani, na magoti yangu bado yanapanda basi. Hapa utakuwa mjane wa mwanangu mpaka uzeeke. Na yeye alikuoa kwa sababu ya huo mdomo."

Nililia kwa sauti, majirani wakachungulia, tayari kwa pole zao.

Sasa nina kiti jijini, kando ya dirisha. Kila mwisho wa mwezi mama mkwe anashuka basi, anakaa kitini kwangu, nami namsuka kwa makini kuliko wote. Nikimaliza anapapasa, anakunja uso, anasema kwa sauti watu wote wasikie, "Mstari huu umepinda. Fumua!"

Haujapinda hata kidogo. Namwambia, "Asante, mama," naufumua.