Tangi la Bibi Harusi

Chujio hakuwa mwoga wa kitu chochote kilichokaa chini. Mpe injini iliyogoma, mpe boliti iliyoliwa na kutu, atabanana nayo mpaka isalimu amri. Lakini kupanda ndege? Thubutu! Miaka kumi na mmoja alikuwa fundi wa ndege ya baba yake mzazi, na hata siku moja miguu yake haikuwahi kuachana na ardhi.

Jina la Chujio alibandikwa pale kwenye kiwanja cha ndege, maana hakuna tone la petroli lililoingia kwenye tangi bila kupita kwenye kitambaa chake. Na ndege yenyewe waliiita Bibi Harusi: nyeupe pepepe, ina mabawa marefu kupita kiasi, viti viwili ubavu kwa ubavu. Injini yake ni ya kupandia tu. Ukishafika juu unaizima, mabawa yanaendelea na kazi, unaelea. Baba yake, mzee wa miaka sabini na minne, aliirusha kila Jumamosi, na kila Jumamosi alimbembeleza binti yake, "Twende mwanangu, ukasikie kimya." Chujio akampiga chenga kila mara, "Wiki ijayo, baba."

Haya, wiki zijazo zikaisha. Daktari wa macho alikata maneno: kibali cha mzee cha kurusha ndege kinakwisha Jumamosi hii, na yeye hasaini kingine. Imebaki safari moja. Na Jumatatu ya wiki hiyohiyo, Chujio alipofungua kibomba kilicho chini ya tangi kuangalia kama kuna maji, kama afanyavyo kila asubuhi, kwenye gilasi kikadondoka kitu laini, cha rangi ya maziwa yaliyoungua, kikatulia kule chini kama uji.

Alijua ni nini, na alijua aliyefanya ni nani.

Ngoja nikueleze, maana hapa ndipo watu wengi hujifanya wanajua. Injini ile inakubali petroli za aina mbili. Kuna ya ndege, safi, inakaa bila kuharibika, ila ina madini ya risasi ndani yake, na risasi inaganda kwenye plagi. Na kuna ya magari, ambayo injini yenyewe inaipenda zaidi, mradi isiwe imechanganywa na spiriti. Spiriti ni adui. Inavuta maji, inalegeza mipira, na tangi la faiba kama lile, lililopakwa gundi ndani miaka thelathini iliyopita, inalimenya taratibu hadi gundi inabanduka. Ndiyo maana kila dumu jipya lazima lipimwe. Unatia maji kidogo kwenye gilasi ndefu, unapiga alama, unaongeza petroli, unatikisa, unasubiri. Maji yakirudi palepale kwenye alama, mimina. Yakionekana yameongezeka, ujue spiriti imejificha humo, rudisha dumu ulikolitoa.

Na Chujio alipima! Alipima siku zote, hata wenzake walipomcheka. Tatizo ni kwamba mwezi uliopita madumu mawili yalisimama pamoja bandani, la zamani na jipya, yanafanana kama mapacha. Akapima la zamani, akamimina jipya. Basi, imekwisha hiyo. Ni kosa la mtu makini, kwa sababu mzembe asingepima kabisa.

Alimfuata baba yake nyumbani, akamkuta barazani anajaribu kusoma gazeti kwa kulisogeza na kulirudisha.

"Baba, nimekuharibia tangi."

"Wewe?"

"Mimi. Nilimimina petroli yenye spiriti."

Mzee alikunja gazeti. Chujio alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Leo Jumatatu," mzee akasema mwishowe. "Utamaliza lini?"

"Ijumaa."

"Sasa hapa umekaa unafanya nini?"

Siku nne hizo alikula amesimama. Alilitoa tangi nyuma ya viti, akalimwaga, akalisuuza mara nane. Alikwangua gundi kwa kijiti cha mbao, maana chuma kinaweza kutoa cheche na mvuke wa petroli hauna mzaha. Aliingiza mkono hadi begani, na kule ambako mkono haukufika, nyuma ya ukuta unaoligawa tangi kwa ndani, alichungulia kwa kioo kidogo kama cha daktari wa meno. Mipira yote alibadilisha. Ijumaa alijaza petroli ya ndege mpaka juu kabisa, isibaki nafasi ya hewa yenye unyevu. Injini ikanguruma chini kwa nusu saa nzima, na hata kukohoa haikukohoa.

Hapo desturi ya kiwanja ikamkamata shati. Pale, aliyefungua tangi ndiye anayekaa kiti cha pili safari ya kwanza baada ya matengenezo. Zamani kazi hiyo alimwachia mjomba wake, fundi mkubwa. Mjomba alishastaafu. Safari hii hakukuwa na mtu wa kumsukumia.

Jumamosi saa nne asubuhi akapiga moyo konde, akajifunga mkanda. Ndege ilipoinuka alifumba macho, akategesha masikio. Hakuitazama dunia hata kidogo. Alikuwa anaisikiliza injini tu, anahesabu mapigo yake, kijasho chembamba kinamtiririka. Futi elfu moja. Elfu mbili. Elfu tatu.

Ghafla mngurumo ukakatika.

Alifumbua macho. Mkono wa baba yake ulikuwa unatoka kwenye swichi, na pangaboi lilikuwa linasimama, polepole, mpaka likatulia wima mbele yao.

Loo! Hakikuwa kimya alichokidhania. Kulikuwa na upepo unaopita juu ya mabawa, mwororo, kama mtu anapuliza chai. Hakukuwa na kitu cha kusikiliza tena, kwa hiyo, kwa mara ya kwanza, alitazama. Chini mabati ya nyumba yalimetameta, barabara ilikuwa uzi, na kivuli cha wingu kilipanda kilima bila haraka, kikashuka upande wa pili. Kila alichowahi kukihangaikia kilikuwa kule chini, kidogo, kinaenea kwenye kiganja. Mwewe alikuja akaelea ubavuni mwa bawa, akazunguka nao ndani ya hewa ya moto inayopanda, akawatazama kwa jicho moja. Chujio alishindwa hata kupumua sawasawa. Machozi yalimtoka, akayaacha. Alijiona hana ukubwa wowote, na jambo hilo lilimfurahisha kuliko alivyoweza kueleza.

"Baba," alinong'ona, "ni nani anayetushika?"

"Tazama tu, mwanangu."

Walizunguka dakika ishirini na tano. Kisha mzee akaipanga pua ya ndege na kiwanja, akatua taratibu kiasi kwamba Chujio hakujua magurudumu yamegusa nyasi lini. Ndege ikasimama katikati ya kiwanja.

"Mbona hukuiwasha tena ili tufike bandani?" Chujio akauliza, bado anacheka na kulia.

"Haiwaki."

"Haiwaki vipi?"

"Ilikufa yenyewe kule juu. Mimi nilizima swichi tu."

Akashuka mbio, akafungua kibomba chini ya tangi. Tangi limejaa, lakini hakikutoka kitu. Alichokonoa kwa waya, kikachomoka kipande cha gundi laini, upana wa ukucha, kilichokuwa kimeziba mdomo uleule unaopeleka petroli kwenye injini. Kilitoka nyuma ya ukuta ule wa ndani, pale mkono wake ulipokomea.

Alirudi kitini. "Mbona hukuniambia, baba?"

"Ningekuambia, ungeitazama injini mpaka tunatua." Mzee alikuwa anaangalia mbele, kwenye anga ambayo macho yake yaliiona kwa ukungu. "Kuelea, Bibi Harusi anaelea vizuri tu. Nilitaka uone. Na mimi Jumamosi nyingine sina."

Chujio akasema, "Nimeona, baba. Nimeona yote."

Mkono wa mzee ulikuwa bado umeshika usukani. Chujio hakuutoa. Aliweka wa kwake juu yake, wakakaa hivyo mpaka watu wa kiwanja walipokuja kuisukuma ndege bandani.