Wimbo wa Nyumba ya Juu

Huko milimani Haiti, upande ule wanakoanika kahawa juu ya mawe, nyumba zimeachana mbali, lakini ikifika alfajiri ni kama watu wote wamelala chumba kimoja. Nyumba ya juu kabisa huanzisha ubeti wa kwanza wa wimbo wa asubuhi, maana ndiyo inayoona mwanga kwanza. Nyumba ya ng'ambo ya korongo huitika ubeti wa pili. Ya shemasi, kule bondeni, humalizia. Ndipo watu huwasha moto wa kahawa. Na nyumba isiposikika, jua halijawa kali jirani ameshafika mlangoni na birika la chai, anauliza kulikoni.

Nyumba ya juu ilikuwa ya Ilamene. Mumewe alikuwa upande wa pili wa mpaka akikata miwa, na yeye alibaki na binti yao, Lovania. Mwanamke huyu alisema na Mungu kama unavyosema na jirani kupitia ua. Akichambua kahawa, anamwambia. Chumvi ikiisha, anamwambia. Punda akigoma njiani, anamwambia hilo nalo. Lovania alizoea kumcheka. "Mama, mpumzishe kidogo. Naye ana watu wengine wa kusikiliza."

Asubuhi moja ya mvua, wimbo ulikuwa umekwisha na Ilamene bado yuko magotini, anaendelea na maombi yake. Lovania akasimama mlangoni na ndoo, akauliza amsubiri au atangulie kushuka korongoni. Ilamene hakufumbua macho. Alimpungia mkono tu, nenda. Kumbe mvua ilikuwa imekesha ikinyesha huko juu, na maji yakashuka korongoni kwa mkupuo mmoja. Walimpata binti chini, kwenye migomba ya shemasi.

Tangu walipomzika, Ilamene alifunga kinywa. Hakutukana, hakugombana na mtu. Alimnyamazia Mungu vile unavyomnyamazia mtu aliyekuumiza, naye mnaishi nyumba moja. Alichambua kahawa yake kimya. Mikono ilifika pale ilipozoea kusimama ili aseme neno, ikasimama yenyewe, halafu ikaendelea na kazi.

Alfajiri ya kwanza hakuimba. Alilala akitazama bati, akingoja jirani aje na birika. Maneno yake alikuwa ameshayapanga. Atamwambia yeyote atakayekuja yeye mama alikuwa wapi, na alikuwa akizungumza na nani, wakati maji yanambeba mwanawe. Lakini hakuja mtu. Alimsikia Bibi Klesia wa ng'ambo akiimba ubeti wa pili, kisha watu wa shemasi wakamalizia, basi. Kesho yake vilevile. Akajua wameamua kumruka. Hilo nalo likamuuma, akaliweka pamoja na mengine.

Mvua zikaisha, kahawa ikaanza kuwa nyekundu. Siku moja wakiwa chemchemini, Shemasi Ofran akamwita kando, akamshukuru. Alisema kanisa zima limetiwa nguvu kwa kuona mama aliyefiwa vile hajakosa kuanzisha wimbo hata asubuhi moja. Mke wake, Tazilia, akatua ndoo akadakia.

"Ila dada, siku hizi unawahi mno. Unaimba hata kuku hawajashuka. Huyu mume wangu anaitika suruali ikiwa mguu mmoja."

Wanawake wakacheka. Ilamene akautazama uso wa Tazilia akitafuta kejeli, asiione. Akajitwika maji yake akapanda nayo, na miguu yake ilikuwa baridi juani.

Alfajiri iliyofuata alikaa kitandani macho wazi. Nyumba ilikuwa kimya. Alisikia panya kwenye mahindi na umande ukidondoka batini. Mdomo wake ulikuwa umefungwa, aliushika kwa kiganja ili awe na hakika. Halafu kutoka ng'ambo, taratibu, Bibi Klesia akaanza ubeti wa pili, kwa namna ya mtu anayemjibu mwingine.

Ilamene alimweleza jambo hili shemeji yake, Desilome, naye alijibu haraka kama aliyekuwa akilingoja. Alisema huyo ni mtoto. Amekufa kabla ya siku zake, hajapata kutulia, ndiyo maana anarudi kuimba. Akamtajia mtu wa kule kwenye njia panda, anayejua kusema na wafu, na akasema yuko tayari kumpeleka.

"Sisi ni watu wa kanisa, shemeji," Ilamene alisema.

"Ulikuwa," akasema Desilome. "Juzi nilikuona unakula bila hata kuinamisha kichwa. Mtoto naye ameona."

Neno hilo lilimkaa rohoni. Akaogopa kwamba Lovania hana raha kwa sababu ya kinywa cha mama yake. Tena akaogopa kitu kibaya zaidi, kwamba moyoni alikuwa akitamani iwe kweli. Iwe ni Lovania, amepotea njia, anaimba ili afunguliwe mlango. Alianza kuacha mlango bila komeo. Alianza kuacha kikombe cha binti mezani, kimeoshwa. Alipokiona asubuhi hakijaguswa, alikaa chini akakishika muda mrefu.

Mwisho akaona atakwenda kusikiliza kutoka ng'ambo, kule wanakosikia wengine. Aitambue sauti. Ikiwa ni ya mtoto, atamfuata Desilome hadi njia panda, kanisa liseme litakavyo. Akaweka kufuli mlangoni, akalivuta mara mbili, akashuka korongoni kabla jua halijazama. Mahali pale alipochukuliwa binti hapakuwa na maji ya kufika hata kwenye vifundo, na alipavuka bila kutazama.

Bibi Klesia alikuwa mkongwe ambaye miguu ilishamwacha. Alikuwa akishinda kitandani, mlango wazi, akihesabu makosa ya wapita njia. Alifurahi kupata mgeni wa kulala. Walikula shelisheli na mbaazi, na bibi akamsimanga kwa kukonda, akasema siku hizi akitembea juani hata kivuli chake kinamwonea haya. Ilamene hakueleza kilichomleta, na bibi hakuuliza.

Kulipoanza kupambazuka Ilamene alikuwa amesimama mlangoni na shuka mabegani. Ukungu ulikuwa umejaa korongo mpaka juu. Nyumba yake ilionekana ng'ambo, nyeusi, imefungwa, haina moshi. Na kutoka humo wimbo ukaanza.

Haikuwa sauti ya Lovania. Alilijua hilo kwa neno la kwanza, na kitu alichokuwa amekishikilia kifuani kwa miezi kikamtoka, akashika mwimo wa mlango. Ilikuwa sauti yake mwenyewe. Wimbo ule alifundishwa na mama yake wakipanda na maji kichwani, kwa hiyo tangu utoto huvuta pumzi mahali ambapo njia ilikuwa na mwinuko, katikati ya neno, ambapo mtu mwingine yeyote havuti. Sauti ya ng'ambo ilifika pale, ikavuta pumzi, ikaendelea.

"Bibi," alisema bila kugeuka. "Nani yule?"

"Wewe."

"Mimi niko hapa."

Kitanda kililia kidogo. Bibi Klesia alikuwa akijiinua kwa kiwiko.

"Mwaka niliowazika wale wavulana wangu wawili," alisema, "nami nililala hivyohivyo, mdomo nimeufunga, nikingoja waje na birika lao niwafukuze. Hawakuja. Walisema walinisikia vizuri tu. Mpaka leo sijui ni nani aliyeniimbia, na sikuwahi kumwambia mtu. Nani angeniamini?"

"Ukafanyaje?"

"Nilikasirika. Nikaona hata kumnyima Mungu wimbo siwezi, ananiimbia mdomoni mwangu." Akapumua. "Haya, ubeti unakwisha. Leo kifua changu kimeziba, na zamu ni ya nyumba hii. Jibu."

Ng'ambo, sauti ikafika mwisho wa ubeti, ikanyamaza. Bondeni kwa shemasi taa ilikuwa imewashwa, watu wanangoja. Ukungu haukutikisika. Ilamene hajapata kusikia kimya kama kile. Kilikuwa kimya cha mtu aliyeuliza jambo, naye anakutazama.

Alifungua kinywa, na kilichotoka kwanza hakikuwa wimbo.

"Nilikuwa magotini," alisema, kuelekea kwenye ukungu. "Nilikuwa nakuambia wewe, siyo mwingine. Nikampungia mkono. Hukuniambia nifumbue macho."

Alisema hayo kwa sauti ya kawaida, kama zamani kupitia ua. Hakujibiwa. Lakini hakuna aliyeondoka pia, aliliona hilo kama unavyojua gizani kwamba chumbani mna mtu. Akasimama palepale na machozi yakimwingia mdomoni, kisha akaimba ubeti wa pili, vibaya, sauti imepasuka kwa kukaa bila kutumiwa. Bondeni wakamalizia.

"Umeuua wimbo mzima," alisema Bibi Klesia. "Niletee kahawa."

Mchana Ilamene alirudi kwake. Kufuli lilikuwa vilevile alivyoliacha. Ndani hapakuwa na kilichosogezwa. Aliosha kikombe cha Lovania, akakipangusa, akakiweka kabatini pamoja na vingine. Hakumfuata Desilome. Alichambua kahawa mpaka jioni, na mikono iliposimama mahali pake alisema neno moja, kali, halafu baadaye lingine.

Alfajiri aliamka akapiga magoti kwenye vile vishimo viwili ambavyo magoti yake yalikwisha kuvichimba katika sakafu ya udongo. Akatega sikio. Hakujua kama angoje au aanze. Kulikuwa na mwanga kidogo chini ya mlango, na nyumba ilikuwa kimya.

Akaanza. Aliimba polepole, kwa hofu, neno baada ya neno, akipanda ile njia ya mama yake. Akafika penye mwinuko, katikati ya neno, akanyamaza ili avute pumzi.

Wimbo haukukatika.